Tochi Iko Wapi Hasa? Usahihi wa GPS ya Simu Yako

Likizo iliyopita nilikuwa konda. Mjomba wangu ana Hiace inayofanya safari za Bariadi na Lamadi. Konda wake alikuwa amekwenda kwao kwa shughuli za kilimo, kwa hiyo kwa wiki tatu mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikiita abiria na kukusanya nauli. Madereva wa njia ile wana kundi lao la WhatsApp. Ukiacha salamu, picha za harusi na matangazo ya misiba, kazi kubwa ya kundi lile ni moja: kupeana taarifa za tochi.

Kwa msomaji asiyezoea magari ya mkoani, tochi ni kamera ya mkononi ya kupima mwendo. Askari wa usalama barabarani anaielekeza kwenye gari linalokuja, inasoma kasi na kubaki na picha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na faini yake ni shilingi 30,000. Kwa gari linaloishi kwa nauli za vijijini, hiyo siyo hela ya kuchezea.

Siku moja Mjomba alikuwa msibani, gari likaendeshwa na deiwaka. Tukiwa tunatoka Lamadi kurudi Bariadi, tumeshaipita Dutwa, tukaingia kwenye kijiji chenye shule ya msingi kando ya lami. Tukaipita shule, na mbele kidogo, chini ya mwarobaini, askari wamesimama na tochi yao. Sisi tulikuwa kwenye hamsini, tukapita salama. Nikatoa simu, nikafungua kundi, nikatuma lokesheni na maneno mawili: "Tochi hapa." Madole gumba yakamiminika. Nikajiona nimefanya jambo la maana.

Kesho yake asubuhi Mjomba alirudi kazini, na safari hii tulikuwa tunatoka Bariadi kwenda Lamadi. Pini yangu alikuwa ameshaikariri. Tulipofika pale iliposema, hakukuwa na askari wala gari lao, shamba la pamba tu. "Leo hawapo," akasema, akakanyaga mafuta. Mimi nilikuwa nyuma nahangaika na chenji. Hatukufika mbali. Mwarobaini uleule, tochi ileile: kilomita 68 kwa saa. Na mbele ya ule mti, hata mita mia hazifiki, wanafunzi wenye sweta za kijani walikuwa wanavuka barabara kuingia shuleni.

Mjomba hakubishana na askari, kosa lilikuwa lake. Aliponigeukia mimi akasema: "Mjomba, simu yako imenidanganya."

Maneno yale yalinikaa kichwani. Nasomea ualimu wa jiografia na hisabati. Kama kuna mtu kwenye gari lile aliyepaswa kujua pini ya simu inaaminika kiasi gani, ni mimi. Kwa hiyo nikaamua kutafuta jibu la swali hili: je, simu ilidanganya kweli?

Simu inajuaje ulipo?

Tuanze na radi. Sisi tuliokulia Usukumani tumefundishwa na wakubwa kwamba ukiona umeme, anza kuhesabu. Ukisikia ngurumo baada ya sekunde tatu, radi imepiga kama kilomita moja kutoka ulipo, kwa sababu sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Ukijua muda, umejua umbali.

GPS inafanya kazi hiyohiyo, ila badala ya sauti inatumia mawimbi ya redio. Setilaiti zake ziko takribani kilomita 20,200 juu ya dunia. Mfumo ulipangwa uwe na setilaiti zisizopungua 24, na siku hizi zinazofanya kazi ni kama 31. Kila moja ina saa ya atomiki na inatangaza muda wote: "mimi ni fulani, niko hapa, na saa hii ni hii." Simu yako inapokea tangazo, inaangalia limechukua muda gani njiani, na inapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kukuweka kwenye nukta moja ya dunia. Lakini saa ya simu yako ni ya bei rahisi ukilinganisha na ile ya atomiki, kwa hiyo setilaiti ya nne inahitajika ili kurekebisha kosa la saa.

Kwa nini saa ni jambo kubwa hivyo? Mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Kwa hiyo simu kukuambia ulipo kwa kukosea mita chache tu ni kazi kubwa sana, tusiidharau.

Basi inakosea mita ngapi? Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye mfumo wa GPS, inasema simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa takribani mita 5. Zamani haikuwa hivyo. Hadi Mei 1, 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi mawimbi ya watumiaji wa kiraia, na kosa liliweza kufika mita 100. Siku hiyo Rais Clinton aliamuru uharibifu ule uzimwe. Leo simu nyingi zinasikiliza pia setilaiti za Urusi (GLONASS), Ulaya (Galileo) na China (BeiDou), jambo linalosaidia zaidi.

Hizo mita 5 zinatoka wapi? Kwanza ni anga. Juu ya hewa tunayovuta kuna tabaka lenye chaji za umeme liitwalo ionosfea, nalo linachelewesha mawimbi. Kwa nchi za karibu na ikweta kama yetu, tabaka hilo huwa na vurugu zaidi, hasa baada ya jua kuzama. Pili ni mwangwi. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo, mawimbi hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na simu inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Bariadi hatuna shida hiyo sana, maana mbuga zetu ni wazi na mbingu unaiona yote. Ila ukiwa ndani ya Hiace, juu yako kuna bati, na bati ni adui wa mawimbi haya. Tatu, simu ikiwa haijapata setilaiti vizuri, inakisia kwa kutumia minara ya simu. Mjini minara imebanana. Vijijini iko mbalimbali, na makisio ya namna hiyo yanaweza kukosea mamia ya mita, hata kilomita.

Ndiyo maana kwenye ramani ya simu kuna duara la rangi ya buluu kuzunguka alama yako. Watu wengi hulipuuza, wakati ndilo lenye habari muhimu. Simu haisemi "upo hapa." Inasema "upo mahali fulani ndani ya duara hili." Duara dogo, ipo karibu na ukweli. Duara kubwa, subiri kwanza.

Jambo lingine linalotupumbaza ni barabara yenyewe. Programu za kuelekeza njia zimeundwa zivute alama ya gari iwe juu ya barabara, kwa sababu zinajua gari haliendi shambani. Kwa hiyo ukiona kialama kimekaa katikati ya lami usiseme "GPS hii kali." Kimewekwa hapo.

Nikarudi kwenye mwarobaini

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, nikashuka pale kijijini. Askari hawakuwepo. Nikasimama chini ya mti, simu mkononi, nikasubiri duara lipungue, nikahifadhi pini. Nikatembea kidogo, nikarudi, nikahifadhi nyingine. Nilifanya hivyo mara kumi kwa muda wa saa nzima, huku mama mmoja muuza mihogo akiniangalia kama mtu aliyepoteza kitu. Mwishoni akaniuliza kama natafuta hela. Nikamwambia natafuta kosa.

Pini zangu kumi zilitawanyika kuuzunguka mti kama punje za mtama. Iliyokuwa mbali kuliko zote ilikuwa hatua sita kutoka shinani. Hayo ndiyo makosa ya setilaiti, pamoja na simu yangu ya bei ya kawaida.

Kisha nikafungua ile pini niliyotuma kundini, nikaifuata kwa miguu kuelekea Bariadi huku nahesabu. Nilifika kwenye shamba la pamba kwa hatua mia mbili, sawa na mita 150 hivi.

Nikakaa kwenye ukingo wa kalavati nikapiga hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Nilipoiona tochi nilitoa simu mfukoni, nikaweka namba ya siri, nikafungua WhatsApp, nikatafuta kundi, nikabonyeza kiambatisho, nikabonyeza lokesheni, nikasubiri ramani ifunguke, nikatuma. Sema sekunde kumi na moja. Kumi na moja mara 14 ni mita 154. Kumbe pini ilionyesha kwa usahihi kabisa mahali nilipokuwa nilipobonyeza. Tatizo ni kwamba nilibonyeza nikiwa nimeshaupita mti.

Simu haikudanganya. Setilaiti zilikosea hatua sita, mimi nikakosea mia mbili.

Na kwa kuwa tulikuwa tunaelekea Bariadi, kosa langu lote lilisogea upande wa Bariadi. Aliyetoka upande ule, kama Mjomba, alikutana na pini kwanza, akaona patupu, akaongeza mwendo kuelekea kwenye tochi ya kweli na shule iliyo nyuma yake. Ningekuwa natembea kwa miguu, kosa hilo lisingetokea.

Makosa mengine tunayoyafanya wenyewe

Ukikaa na takwimu za mahali kwa muda utaona kwamba makosa makubwa hayatoki angani. Yanatoka kwenye vidole na madaftari yetu. Haya hapa, kwa mfano wa mji wa Bariadi, ambao upo takribani latitudo 2.80 kusini na longitudo 33.98 mashariki.

Kukata desimali. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo nayo ni karibu hivyohivyo. Ukiandika desimali mbili tu, umeacha nafasi ya zaidi ya kilomita moja. Desimali tatu, mita 111. Nne, mita 11. Tano, mita moja na kidogo. Kwa simu, tano zinatosha. Zikizidi hapo ni mapambo, kwa sababu simu yenyewe haijui mahali pako kwa kiwango hicho.

Kusahau alama ya hasi. Latitudo ya kusini huandikwa na hasi mbele: -2.80. Ukiisahau, Bariadi inahamia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Kubadilisha nafasi. Ukianza na longitudo mahali panapotaka latitudo, umetua mashariki mwa Morocco.

Kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 2 na dakika 48 siyo 2.48, ni 2.80, kwa sababu dakika ziko 60. Tofauti hiyo ni kama kilomita 35, yaani mtu wa Bariadi anajikuta mbali kabisa na mji wake.

Kuchanganya ramani. Hili linatuhusu walimu watarajiwa. Ramani zile za skeli ya 1:50,000 tulizosomea kidato cha nne zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu inatumia WGS 84. Ukichukua namba za simu ukaziweka kwenye gridi ya ramani ile bila kubadilisha mfumo, kwetu Simiyu utakosea takribani mita 300 kaskazini-kusini. Mwanafunzi wako atasema GPS mbovu, au ramani mbovu. Zote nzima.

Haya siyo mambo ya madereva tu. Mwaka 2022 nchi nzima ilipitia operesheni ya Anwani za Makazi, na Agosti 23 mwaka huo ikafanya Sensa kwa kutumia vishikwambi, ambavyo vingi baadaye viligawiwa kwa walimu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulitumia wanafunzi wa vyuo kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Wengi wetu tukiwa kazini tutatumwa kurekodi mahali pa kitu fulani: kisima, kituo cha kura, shule shikizi. Anayerekodi akiwa juu ya bodaboda inayokimbia atakipeleka kisima shambani, kama mimi nilivyoipeleka tochi.

Tochi si nukta

Nilipomweleza Mjomba haya yote, aliuliza swali zuri: "Sasa ukishuka ukapima vizuri kwa miguu, nitakuwa salama?"

Jibu ni hapana. Tochi haipimi gari likiwa mbele ya askari. Inapima kwa mbali, na za laser zinaweza kusoma gari likiwa mamia ya mita kabla ya kumfikia anayezishika. Kwa hiyo kuna sehemu mbili tofauti: pale askari alipo, na pale gari lilipokuwa liliposomwa. Pini inaonyesha ile ya kwanza, wakati faini inatokana na ya pili. Hata ningepata usahihi wa sentimita moja, nisingekuwa nimejibu swali la dereva. Halafu askari ana miguu. Kesho anaweza kukaa chini ya mti mwingine.

Ufaransa walifika kwenye wazo linalofanana kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2012 sheria yao inakataza vifaa vya magari kuonyesha mahali hasa ilipo kamera. Vinachoruhusiwa kuonyesha ni "eneo la hatari" lenye urefu: mita 300 mjini, kilomita 2 nje ya mji, kilomita 4 kwenye barabara za mwendo kasi. Dereva anajua tu kwamba kipande hiki chote ni cha kwenda taratibu.

Ukiangalia vizuri, barabara yetu ina kipande cha namna hiyo tayari, na hakihitaji bando wala chaji. Kinaanza kwenye kibao cha 50 na kuisha kwenye kibao cha kumaliza 50. Vibao havikimbii kama pini. Na vimewekwa hapo kwa sababu ya wale watoto, tochi imekuja baadaye. Gari likiwa kwenye 80, kabla dereva hajashtuka na kufikisha mguu kwenye breki, sekunde moja tu imeshapita na gari limekwenda mita 22. Kwenye 50 ni mita 14. Hizo mita 8 za tofauti ni pana kuliko barabara yenyewe. Kwa mtoto aliye katikati ya lami, hizo ndizo mita zenye maana, kuliko zile 5 za setilaiti.

Nilikuwa nimewapa madereva nukta, nao wakaitumia kama nukta inavyotumika: kupunguza mwendo pale tu, kisha kukanyaga. Hata ingekuwa sahihi, wangepunguza kwenye mwarobaini na kuongeza getini mwa shule.

Jioni ile niliifuta pini kundini. Wengi walikuwa wameshaihifadhi, hilo sikuweza kulifuta. Nikaandika ujumbe mwingine bila lokesheni: "Wakubwa zangu, shikamooni. Ile pini nilikosea, naomba radhi. Pale kijijini ni hamsini kuanzia kibao hadi kibao, tochi iwepo isiwepo. Kuna shule." Mmoja akajibu kwa vikatuni vya kucheka. Mwingine akauliza kama nimeajiriwa trafiki. Deiwaka akaweka dole gumba.

Mjomba hakuandika kitu. Ila safari ya kwanza ya Jumatatu, tulipokipita kibao, nilichungulia mshale kwenye dashibodi. Ulikuwa chini kidogo ya hamsini, na ukabaki hapo tulipoupita mwarobaini usio na mtu, tukasimama kuwapisha watoto watatu, hadi kibao cha pili. Hapo ndipo akabadilisha gia.

"Hatua mia mbili, eh?" akasema.

"Mia mbili, Mjomba."

"Elfu thelathini kwa hatua mia mbili. Ni kama mia na hamsini kwa kila hatua. Mwalimu ghali wewe."